Sumaku Mbili za Gitaa la Kijiji

Gitaa la solo la kijiji chetu lilikata sauti mchana kweupe, katikati ya wimbo, uwanja umejaa watu. Mimi ndiye niliyekuwa nimelishika. Vidole vinakwenda, nyuzi zinacheza, lakini kwenye spika kimya, na wenzangu wa rizimu na besi wanaendelea kana kwamba sikuzaliwa. Nililitazama lile gitaa kwa hasira mpaka mpiga ngoma akaanza kucheka. Nikamtukana. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na hasira zangu zilikuwa karibu. Mke wangu atakuambia hazijahama mpaka leo.

Kilichokufa ni sumaku. Kwa wasiojua: chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kidude cha sumaku kilichozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Uzi ukitetemeka, kidude hicho ndicho kinachoushika mtetemo na kuupeleka kwenye amplifaya. Bila hicho una ubao tu. Gitaa letu lilikuwa limelala masika nzima kwenye stoo ya kijiji, juu ya magunia ya mbegu, bati linavuja, na kutu ikaula ule waya. Sumaku mpya ya dukani sahau. Miaka ile hata sabuni tuliipangia foleni, nani angekumbuka kuagiza sumaku za magitaa?

Bendi ilikuwa ya kijiji, kama lilivyokuwa shamba la kijiji na duka la kijiji, kwa hiyo kijiji kizima kilihuzunika. Lakini mimi nilikuwa na langu moyoni, na nitalisema wazi. Baba yangu hakuwahi kusikia gitaa langu.

Alikuwa amefanya kazi korona. Siku hizi ukitaja korona watu wanafikiria ugonjwa. Kwetu Kilosa korona ni ule mtambo wa mashamba ya mkonge, unaoparua majani mpaka zibaki nyuzi. Baba alisimama pembeni ya mtambo ule tangu ujana wake, ukapita Uhuru, akaendelea kusimama, na kelele zake zikamla masikio polepole. Tulipohamia Chanzuru, vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa, alikuwa anasoma midomo. Yeyote aliyefungua mdomo mbele yake alijibiwa "Marahaba," hata aliyekuwa anapiga miayo. Tulicheka, naye alicheka pamoja nasi.

Ngoma alizisikia. Besi aliisikia kidogo. Solo hakuisikia hata chembe. Akinikuta napiga husimama akatazama vidole vyangu, kisha kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyejisikia anasema, "Mwanangu, huo upele bado tu haujapona?" Watu hoi kwa kicheko. Mimi nilichekelea usoni, lakini ndani iliniuma, jamani. Nyimbo zote nilizozijua utotoni nilizitoa kinywani mwake, na sasa nazipiga zangu mbele yake naye anaona mtu anajikuna. Nilitaka anisikie mara moja tu. Mara moja ingenitosha.

Katibu wa bendi akanituma nikatafute fundi. "Zunguka uwezavyo, ndugu," aliniambia, "ila kwenye mashindano ya bendi za vijiji lazima gitaa lilie."

Kilosa mjini kulikuwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya simu za reli. Barazani kwake palijaa maiti za redio. Nilimwamkia, nikamweleza shida, akaing'oa ile sumaku mbovu, akainusa, naam, akainusa kama mtu anayenunua samaki, kisha akasema, "Hii imekwisha. Nitakusukia nyingine."

Namna alivyosuka sijaisahau. Alichukua sumaku za mikono ya simu mbovu, akazipanga katikati ya kibao, akakifunga kibao kwenye gurudumu la cherehani ya mkewe. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unauongoza waya. Na kwa kuhesabu mizunguko alikuwa na tasbihi. Mkewe alipopita akiguna, mzee alimjibu bila kuinua kichwa, "Ya sala iko ndani, mama. Hii ni ya kazi." Kila akimaliza punje zote tisini na tisa, anachora mstari wa chaki ukutani. Aliniambia waya ukizungushwa mara chache sauti inakuwa nyembamba na kali, ukizungushwa mara nyingi inakuwa nene.

"Unataka ipi?" akauliza.

Hapo ndipo nilipomweleza habari za baba. Aliacha cherehani, akanitazama.

"Masikio ya korona nayajua," akasema. "Huanza kufa kwa sauti nyembamba. Ndege hamsikii, mtoto mchanga hamsikii, lakini ng'ombe akilia bondeni anageuka. Sivyo?"

"Ndivyo hasa, mzee."

"Basi nitakusukia nene, mpaka waya uniishie. Waya wenyewe ndio huu tu, niliutoa kwenye mitambo mibovu ya simu, na mwingine sitaupata. Kuna bendi ya Kisanga nayo inaulilia. Kaijaribu, isipowafaa uniletee haraka, niwape wao."

Katibu kusikia sauti nene akakunja uso. Akasema pale Mikumi, kwenye barabara ya malori, kuna kijana fundi wa dainamo ambaye sumaku zake ndizo zinazovuma, nikaone na huko. Basi nikapanda treni ya Kidatu nikashuka Mikumi, nikamkuta kijana mwenye miwani ya jua na ovaroli iliyokauka kwa grisi, jiko la mkaa pembeni yake. Yeye hakuhesabu chochote. "Nazungusha mpaka mkono useme basi, kaka," aliniambia, akicheka. Waya wake ulikuwa kidogo, sumaku yake kubwa na kali, aliitoa kwenye spika ya gari iliyopinduka. Akaijaribu palepale kwenye gitaa lake mwenyewe, betri ya lori chini ya meza.

Loo! Sikufichi, ilinichukua. Sauti ilikuwa safi, inakata, kila noti imesimama peke yake. Ndiyo sauti tuliyokuwa tunaisikia redioni kutoka Dar es Salaam tukiota kuwa nayo. Utingo wa malori walisimama kutusikiliza. Nikarudi Chanzuru na sumaku mbili kwenye mfuko mmoja, na kichwa kimenivimba.

Nilianza kufunga ile ya mzee. Nilifanyia kazi nyumbani, uani, alasiri, naunga nyaya kwa risasi na chuma kilichopashwa kwenye jiko la mama. Baba alikuwa amekaa upande wa pili wa ua akichonga mpini wa jembe, amenipa mgongo. Nikaunganisha betri, nikafungua amplifaya, nikapiga uzi mmoja tu kupima.

Kisu chake kikasimama.

Nikapiga tena. Akageuza kichwa, polepole, akatafuta kwanza angani, kisha njiani, kisha kwangu.

"Hicho nini?" akauliza.

Nikapiga mstari mfupi wa wimbo wake mwenyewe, ule aliokuwa akituimbia tukipalilia. Akauacha mpini ukaanguka. Akaja akachuchumaa mbele ya spika, akainamisha sikio la kulia, na midomo yake ikaanza kwenda na maneno. Akamwita mama kwa Kisagara, kwa sauti iliyosikika nyumba kumi zote, aje upesi, mtoto anapiga gitaa. Mama akamwambia mbona anapiga miaka mitatu sasa. "Rudia," baba akaniambia. Nikarudia. "Rudia tena." Nilirudia mpaka betri ikafa, na machozi yananidondokea juu ya ubao wa gitaa, na sikuona haya hata kidogo. Sijapata kuwa na furaha kama ile, si siku ya harusi yangu, Mungu anisamehe.

Kesho yake bendi ilikutana kuchagua. Nilipiga ile nene, nikaifungua, nikafunga ile ya Mikumi, nikapiga wimbo uleule. Huhitaji kuambiwa. Mpiga ngoma alisema ile ya kwanza kama mtu anaongea na uji mdomoni. Wa rizimu akasema inameza sauti yake. Hata mimi masikio yangu yalisikia: ile ya Mikumi ilikuwa nzuri zaidi, na kwenye uwanja wenye watu elfu ndiyo ingefika.

Nikawaeleza habari za baba. Wote walimheshimu, wakainama. Kisha katibu akasema, kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "Ndugu yangu, tunakuelewa. Lakini gitaa hili ni la kijiji. Si la baba yako."

Nilichemka, kidogo nimrukie. Nilitaka kumwambia na baba yangu naye ni wa kijiji. Neno lilikuwa kwenye ulimi kabisa. Lakini katibu alikuwa ameshasema tupige kura, na mikono ikaanza kupanda kwa sumaku ya Mikumi, mmoja baada ya mwingine.

Na mimi nikanyoosha wangu.

Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilifanya vile kwa ajili ya umoja, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa, wengi wakiamua umeamua nao. Uongo mtupu. Nilinyoosha mkono kwa sababu nilijiona uwanjani Kilosa, nimesimama mbele, ile sauti kali inatoka vidoleni mwangu na wasichana wananitazama. Nilijua baba hatanisikia tena, nikanyoosha mkono nikijua. Jioni ileile nilipanda baiskeli nikamrudishia mzee wa simu kazi yake. Aliipokea, akaipangusa vumbi kwa kanzu. "Baba alisikia?" akauliza. Nikasema alisikia. Siku ya pili watu wa Kisanga wakaja wakaichukua.

Baba sikumwambia kitu. Ningemwambiaje? Siku zile za mazoezi aliniomba mara mbili nimpigie, nikasema betri inachajiwa mjini. Naye alikuwa ametangaza kila mahali. Kisimani, dukani, msikitini, anawapigia watu kelele usoni kwamba mwanawe anapiga gitaa na yeye amesikia kwa masikio yake haya. Siku ya mashindano akavaa kanzu ya Idi. Alikuwa hajawahi kuja kutuona nje ya kijiji. Nilimbeba kwenye baiskeli mpaka Kilosa mjini, akawahi mapema, akapata nafasi kwenye benchi la mbele kabisa, hatua kumi kutoka kwenye spika.

Zamu yetu ilifika saa kumi. Tulipiga vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Ilipofika sehemu yangu nikasogea mbele, na ile sumaku ya Mikumi ikafanya kazi iliyosukiwa: iliukata uwanja mzima, watu wakaruka, kina mama wakapiga vigelegele, kanga zikapungwa. Nilicheza kama mwendawazimu. Kisha nikatazama benchi la mbele.

Baba alikuwa ameinamisha sikio la kulia, vilevile kama siku ile uani. Alingoja. Akageuza la kushoto, akangoja. Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Nikaona uso wake ukifikiri, kama mtu anayejipapasa mifukoni kutafuta kitu alichokuwa nacho asubuhi. Halafu akawaangalia watu wa kulia, akawaangalia wa kushoto, akaona wanavyofurahi. Akashusha mkono. Akaniangalia moja kwa moja, akatabasamu, akaanza kugonga mguu chini. Ulikuwa nje ya mdundo kabisa. Hata ngoma alizozisikia aliziacha, akawa anafuata vidole vyangu tu.

Vidole havikusimama. Ningesimamaje mbele ya umati ule? Watu walipopiga makofi alitazama kwanza, kisha naye akapiga, na aliendelea kupiga wenzake walipokwisha kunyamaza.

Tulishinda. Katibu alinikumbatia. Mimi nilitafuta baiskeli.

Baba alinikuta naurudisha mnyororo wa baiskeli, akanishika bega. "Umepiga vizuri sana," akasema kwa ile sauti yake ya juu, watu wakageuka. "Kuliko hata siku ile nyumbani. Nimekusikia yote."

Macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu, anangoja jibu. Nikamwambia, "Asante, baba." Akaridhika, akakunja kanzu yake, akakaa nyuma kwenye keria, mikono miwili kiunoni kwangu. Njia nzima mpaka Chanzuru nilimwomba radhi. Nilimwomba kwa sauti, nikampa na sababu yenyewe, ya mkono na ya wasichana, sikuficha kitu, naye nyuma yangu hasikii, ananipigapiga kiunoni kwa furaha. Usoni kwake, alipoweza kuisoma midomo yangu, sikulisema neno lile la radhi mpaka tulipomzika.