Jina Nililompa Mbwa Wangu

Rafiki, kabla hujampa mbwa jina, fikiri nani atalisikia kila siku. Huku kwetu Miyuji wengi humsema jirani kupitia jina la mbwa, nami nilifanya hivyo.

Uchumba wangu ulipovunjika, mtaa mzima ulijua. Nikaamini Mama Neema, jirani yangu, ndiye aliyeeneza. Basi mbwa nikamwita Umbea, na kila jioni nikapaza sauti karibu na ua wake: "Umbea, njoo ule."

Juzi mama yangu alinitembelea, akasikia.

"Unamsema nani, mwanangu?"

Nikamweleza. Akainamisha uso. "Niliyesema ni mimi, kule kanisani kwenu, wakuombee. Mama Neema ndiye aliyewakanya wasikucheke."

Hapo hodi ikapigwa. Mama Neema alisimama mlangoni na bakuli.

"Jirani, nimemletea Umbea mifupa."