Mlango wa Tribuni

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Fereej Bin Mahmoud, mjini Doha, hatukuwa na uwanja. Nje jua lilichoma hadi ndala zikanata kwenye lami, kwa hivyo tulichezea ngazini, katikati ya harufu ya samaki wa jirani wa chini na dawa ya kupigia deki. Watoto wa leo wanacheza kwenye simu na mtu aliye Brazili, na jina la mtoto wa mlango wa pili hawalijui. Sisi tulikuwa na Roma.

Roma ilitoka kwenye kitabu cha historia cha kaka yangu. Tukaunda serikali. Konsuli, yaani watawala wakuu, walikuwa wawili, kila mmoja na uwezo wa kumzuia mwenzake, basi kazi yao ikawa kugombana tu. Wazee wa Seneti walijitanda mashuka, wakakaa ngazi za juu wakitafuna njugu. Lakini cheo kilichonivutia mimi kilikuwa cha Tribuni, mtetezi wa wanyonge. Akisema "Nakataza!" hata konsuli hufyata mkia. Mwili wake ulikuwa mwiko kuguswa. Na mlango wa nyumba yake haukufungwa usiku wala mchana, ili aliyeonewa aingie bila kubisha.

Tulimchagua Nasike, rafiki yangu wa chanda na pete, binti wa nesi kutoka Bungoma. Sisi wengine tulikuwa tunacheza. Yeye aliapa kwa moyo wote. Aliweka kandambili mlangoni kwao usijifunge, na baridi yote ya AC ikatorokea ngazini. Mama yake akirudi zamu, jengo zima lilisikia: "Wee Nasike! Unataka kupoza Qatar nzima? Toa hiyo kandambili!" Aliitoa. Mama akigeuka, anairudisha.

Jioni moja nilimuuliza baba, aliyekuwa mhasibu wa kampuni ya ujenzi, habari ya wageni waliotumikia jeshi la Roma miaka mingi hadi wakafanywa raia. Sisi tungefanywa lini? Baba alikoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

"Sisi huku ni watu wa mkataba, mama. Mkataba ukiisha tunafunga mizigo."

Nilidhani ananitania. Haukupita muda kampuni ikapunguza watu, na baba akawa mmoja wao.

Siku ya kuondoka, masanduku yakiteremshwa, Nasike alisimama katikati ya ngazi na shuka lake begani, mkono juu. "Nakataza!" Hakuna aliyecheka. Konsuli wote wawili waliacha kugombana, labda kwa mara ya kwanza. Baba akaweka sanduku chini, akamtazama, nami nilisadiki kabisa kwamba atatii. Kisha akamshika kwapani, akamnyanyua taratibu, akamweka pembeni.

"Pole, mama," alimwambia. "Ndege haingoji mtu."

Tribuni alikuwa ameguswa. Nilingoja jambo kubwa litokee, na halikutokea. Nilishuka nyuma ya baba nikilia. Nilipopita mlango wa kina Nasike, kandambili ilikuwa pale pale.

Miaka ilipita, nikarudi Doha mtu mzima, nesi kama mama yake Nasike. Ninakaa Al Thumama, ndege zikipita juu ya chai yangu. Wadogo zangu wa kazini huagana kwa simu: mwenzao anaondoka moja kwa moja, wanamtumia kikatuni cha kupunga mkono, kisha wanarudi kwenye video zao. Huwa nawacheka, ingawa pengine ndio wenye akili.

Nasike nilimtafuta mitandaoni, sikumpata. Mwishowe nilikwenda Fereej. Ngazi zilinuka dawa ile ile, lakini mlango wao ulikuwa umefungwa. Nikabisha hodi kwenye mlango ambao sikuwahi kuubisha maishani. Alifungua mama mgeni, akasema kwa upole kwamba hawajui watu hao, akafunga.

Enzi zile tulikuwa na mtoto mmoja wa kutukatalia tusiondoke. Mkataba wangu unaisha mwakani, na kazini wameshaanza kumzoesha mtu wa kuchukua nafasi yangu. Masanduku nitayateremsha mwenyewe, na ngazi zitakuwa tupu.