Fundi Asiyetupa
Siku hizi kitu kikikohoa tu, hutupwa. Fundi huyu wa kompyuta, mama mnene mwenye vidole vyepesi, hatupi. Kompyuta yangu, yenye maandishi yangu yote, ilikuwa ikizimika katikati ya sentensi. Akachomoa vijiti vya memori, kumbukumbu ya muda ya mashine, akavisugua meno yanayopitisha umeme kwa raba ya kufutia penseli huku akivibembeleza kama watoto wanaoogeshwa, kisha akavipima kimoja kimoja. Cha kwanza kizima. Cha pili, kioo kikajaa mistari myekundu. Akaruka akicheza kwa furaha, kiti kikaanguka.

“Babu, nimemnasa! Huyu ndiye mchawi wako!”

“Na maandishi yangu?”

“Yako salama kwenye diski, wee cheza tu!”

Nikacheza, kwa magoti yaliyosusa ngoma tangu mafundi redio watoweke mtaani.