Bata Asiye na Kitambaa

Mwenye nyumba wangu wa Kibaoni alikuwa mwizi wa bata aliyestaafu. Hakuniambia yeye. Niliambiwa na muuza vitumbua, na fundi baiskeli, na kijana wa bodaboda aliyenichukua stesheni, ambaye alisimamisha pikipiki kabisa ili anieleze vizuri. Mimi nilikuwa nimetoka Mlimba kwa treni, na kabla ya hapo nilikuwa Mngeta kwenye mpunga. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza maswali sikuacha. Nikahamia kwake siku hiyo hiyo.

"Hivi," nilimuuliza tukichambua mchele, "bata unamwibaje bila watu kusikia?"

"Hayo nimeyaacha."

"Najua. Nauliza kama elimu tu."

"Hata elimu yake nimeiacha."

Alikuwa amerudi kundini kabla sijafika. Inasimuliwa kwamba siku alipokwenda kuungama, waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walikaa chini, na wengine wakarudi nyumbani kupika. Padri alitoka amechoka. Yeye alitoka amenyooka kama mtu aliyetua gunia.

"Mungu hakunisumbua," aliniambia. "Kwake yamekwisha. Kibaoni ndiyo bado."

Na kweli ilikuwa bado. Jumuiya inasali nyumba kwa nyumba, na ilikuwa kawaida mwenyeji kufungia mifugo kwanza ndipo aanze sala. Nilimsindikiza mara moja. Tulipoambiwa tufumbe macho, nikafumbua kidogo kuchungulia. Watu wote walikuwa wamefumbua, wanamwangalia yeye. Aliyefumba ni yeye peke yake.

Ndipo akaamua kwamba siku ya kutolea mavuno hatapeleka mpunga kama wengine. Atapeleka bata, tena aliyemlea mwenyewe.

"Nilipotea kwa bata, nitarudi kwa bata," alisema. "Wakimpokea huyu, wamenipokea na mimi."

Yai liliatamiwa na kuku wetu, jirani na chumba changu, na kifaranga nilimwona kwa macho yangu akitoka. Alilishwa pumba na makoko ya ugali mpaka akawa anatembea kama diwani. Kulikuwa na jambo moja tu. Bata wa Kibaoni hushinda pamoja kwenye madimbwi, kwa hiyo kila nyumba huwafunga wake kitambaa cha rangi yake mguuni. Nikamkumbusha.

Akarudisha mikono nyuma. "Vitambaa ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nafungua cha mtu, nafunga cha kwangu. Nikishika tena mguu wa bata na kitambaa, mkono utakumbuka."

Nikaona ana hoja. Siku hiyo hatukuwa na akili, si yeye wala mimi.

Kwenye misa mambo yalikwenda vizuri. Bata alipanda na maandamano ya vipaji, akampulizia padri kidogo kama bata mwenye hasira, akapokelewa. Tatizo lilikuwa nje. Pale vitu vilivyotolewa hunadiwa baada ya misa, na fedha hubaki kanisani. Maboga yakaenda, mpunga ukaenda, jogoo akagombaniwa. Katekista akamnyanyua bata.

"Dume, mnene, ameshiba! Nani anaanza?"

Watu wakasogea kuangalia mguu.

"Mbona hana kitambaa?"

"Kakifungua njiani!"

"Atakayenunua adai risiti!" kijana mmoja akapaza sauti huko nyuma, na uwanja mzima ukacheka.

"Mimi ni shahidi!" nikasema. "Nilimwona akitoka kwenye yai!"

"Na wewe ni nani?"

"Mpangaji wake."

Hapo ndipo nilipommaliza kabisa. Katekista alishusha bei mpaka akawa kama anaomba yeye. Mwenye nyumba wangu alikuwa amesimama karibu na rimu ya gari tunayoigonga kama kengele, kofia mkononi. Hakukasirika. Alipiga hatua moja kuelekea getini, kisha nyingine, nami nikajua akilivuka lile geti harudi tena.

"Mlete huyo," sauti ikasema.

Alikuwa bibi mjane wa mtaa wa nyuma, ambaye hakuna aliyeibiwa bata kama yeye. Akataja bei ambayo hata jogoo hakuipata.

"Bibi, mguu umeuangalia?" katekista akauliza.

"Miguu ya bata nimeiangalia kabla hujazaliwa. Wangu nawajua wote, hata walioliwa. Huyu si wangu. Na kama si wangu, basi hajaibiwa, maana huyu mtu hakuwa na tabia ya kwenda kwa wengine kabla hajamaliza kwangu."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii na mwenye nyumba wangu alicheka. Bibi akamgeukia. "Wewe, nibebee. Mimi nina mgongo."

Nikawafuata, ningeachaje? Bibi mbele, yeye nyuma na bata kwapani, barabara kuu ya Kibaoni, jua la mchana. Fundi baiskeli akaruka kutoka kwenye kigoda chake.

"Bibi! Geuka! Anaondoka na bata wako!"

"Haondoki, anakuja naye!"

Tulipofika, miguu ya mwenye nyumba wangu ilikata yenyewe kuelekea nyuma ya nyumba. Akashtuka, akarudi mpaka mlango wa mbele, akasimama wima.

"Hodi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Si tumetoka wote kanisani?"

"Naomba kuuliza. Banda liko wapi?"

Bibi akamtazama. "Nyuma, baada ya migomba. Mlango unakwama, unyanyue kidogo."

"Najua," akajibu, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. Alipopata pumzi, alichana kipande chekundu kwenye kanga iliyochakaa, akampa. "Mfunge. Cha kwangu ni chekundu. Hilo nalo unalijua."

Akachuchumaa. Mkono ukafunga fundo la ajabu, la kuzunguka mara nyingi na kujificha chini ya ukucha.

"Hili halifunguki," alisema.

"Umejuaje?" nikauliza haraka, maana mlango wa elimu ulikuwa umefunguka.

"Ni la bibi. Alilianza mwishoni, nalo ndilo pekee lililowahi kunishinda."