Mama wa Mapokezi na Safu Tatu

Bosi wangu wa kwanza alikuwa amepanga kurasa za gazeti kwa miaka mingi kabla ya kufungua ofisi yetu ndogo ya tovuti katikati ya jiji, juu ya duka la viatu. Kwake safu ilikuwa safu: unaipima upana asubuhi, na jioni utaikuta palepale. Mimi nilikuwa msichana wa mtaa wa Jamhuri mwenye diploma mpya na mdomo mwepesi, na tulibishana kuanzia chai ya saa nne hadi kufunga ofisi. Nilimpenda mzee yule, ingawa wakati huo nisingekubali hata kwa kiboko.

Kazi iliyotugombanisha zaidi ilikuwa ya kliniki moja kule Dagoretti. Walitaka kuachana na kabati la kadi na kuandikisha wagonjwa kwenye kompyuta, ndani ya brauza. Tuliwatengenezea ukurasa wa safu tatu: kushoto majina ya wanaosubiri, katikati maelezo ya mgonjwa, kulia nafasi ya daktari kuandika. Bosi alipima upana wa kila safu mwenyewe, na lazima niseme ulipendeza. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyelazwa kwenye hicho chetu alikuwa mama wa mapokezi.

Alikuwa mzaliwa wa huko huko, mama aliyekwisha kula chumvi nyingi, na alikuwa amekaa kwenye dirisha lile tangu kliniki ilipokuwa chumba kimoja. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Tulipomwonyesha jinsi ya kukuza herufi, alizikuza mpaka zikawa kama za kibao cha duka. Safu ya majina haikukua pamoja nazo, kwa hivyo mwisho wa kila jina ukawa unakatwa na ukuta wa safu.

Pengine kwa watu wengine kipande cha jina kingetosha. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, basi ndugu wakioa, kila nyumba inapata msichana mwenye jina la nyanya yule yule. Ongeza jina la ubatizo, ambapo zamani wazazi hawakuwa na mengi ya kuchagua, na utapata mabinamu wasiotofautishwa na chochote ila jina la tatu, la baba. Mimi mwenyewe ninao wa aina hiyo. Tukiitwa harusini tunaitika kama kwaya. Hilo jina la tatu ndilo skrini yetu ililokuwa inalila.

Siku moja mama aliita jina kama alivyoliona, na binamu mwenye kikohozi akainuka na kuingia mahali pa binamu mwenye presha. Daktari, akiwa na foleni hadi nje, alisoma maelezo yaliyokuwa mbele yake na kumkataza chumvi. Yule binti kwa utiifu wake akala githeri, mahindi na maharagwe, chapwa siku kadhaa, huku akikohoa, mpaka alipokutana na mwenzake sokoni wakalinganisha waliyoambiwa. Hakuna aliyedhurika, ila ukoo mzima ulikuja kulalamika. Daktari mkuu hakucheka. Alisema jambo hilo likitokea tena, dirisha litapewa kijana mwenye macho mazuri, na mama ahamishiwe stoo akakunje bandeji.

Nilikwenda kumwona nikidhani nitamkuta analia. Nilimkuta anakunywa chai, amenuna.

"Hii kitu yenu inakata watu majina," aliniambia. "Siwezi itwa mzembe juu ya ukuta ya mtu mwingine."

Niliporudi ofisini nilimwambia bosi kwamba ukuta huo lazima usogee: mama ashike mpaka wa safu kwa kipanya na kuuvuta hadi pale macho yake yanapotaka. Bosi alisema ukimpa mtu ukuta wa kusogeza atauangusha. Nikamjibu kwamba gazeti halina macho mabovu, wasomaji ndio wanayo. Alinitazama, akachovya mandazi yake kwenye chai, akasema haya, jaribu.

Na ukuta ulianguka kweli. Nilipouvuta kidogo tu, safu ya daktari iliruka ikaenda kukaa chini ya zile mbili, kama mtoto aliyefukuzwa mezani. Nikiurekebisha kwenye brauza moja, brauza nyingine inanikana. Nikikimbiza kipanya, mpaka unabaki nyuma unashangaa. Niliitukana kompyuta ile matusi ambayo mama yangu hajui kwamba nayajua. Hata hivyo nilikuwa na furaha, furaha ya kweli, ile ya kuamka asubuhi na kutamani kufika kazini. Nilijifunza kwamba safu moja ikipanuka, jirani yake lazima apungue kwa kiasi kile kile, na kwamba kila safu inahitaji kikomo ambacho haibanwi kupita hapo. Mwisho nikaifunza programu kukumbuka upana aliouacha kila mtu, asije akaanza upya kila asubuhi. Bosi alipouona aliuvuta ukuta huku na huku kwa muda mrefu, kisha akaniagizia mandazi.

Siku ya kuujaribu, daktari mkuu alisimama nyuma ya kiti cha mama. Kliniki ilikuwa imejaa. Mama alishika mpaka, akauvuta taratibu hadi majina yote matatu yakaonekana, akasogeza uso, akaita. Wanawake wawili walianza kuinuka. Jina la baba lilipofika, mmoja akaketi. Daktari alikaa pale karibu asubuhi nzima. Alipoondoka alimwambia mama kwamba kiti ni chake, na hakuna mtu atakayemgusa.

Nilitaka kumkumbatia. Yeye alinivuta karibu, akashusha sauti.

"Mimi naenda Disemba, kwa shamba yangu. Niliamua hata kabla mlete kompyuta."

Nilishangaa. Nilimuuliza, kama ni hivyo, basi tulikuwa tunapigania nini muda wote ule.

"Kuondoka ni yangu," alisema. "Kuondolewa ndio nilikataa."

Akageukia dirisha, akamwita anayefuata.