Josho la Flashi Kaloleni

Ukungu bado haujauachia Mlima Meru, na mbele ya safu ya maduka karibu na uwanja wa mpira wa Kaloleni tayari kuna foleni. Watu hawasubiri maziwa wala mkate. Wameshika flashi.

Silantoi Yiamat anafungua kufuli, anaingia na kupandisha meni swichi iliyo nyuma ya mlango. Taa inawaka. Printa inakohoa. Kabla hajavuta kiti, mkono wa kwanza umeshapita juu ya kaunta.

"Dada Sila, CV. Kopi mbili. Wageni wananisubiri hotelini," anasema Gadiel, dereva wa watalii anayechapisha CV mpya kila msimu unapokaribia.

Silantoi anaipokea flashi, lakini haipeleki kwenye kompyuta kubwa iliyo mbele yake. Anageuka na kuichomeka kwenye laptopu kuukuu iliyo kwenye meza ndogo ya pembeni. Kioo chake kina ufa na kitufe kimoja kimeng'oka. Mgongoni mwake kimebandikwa kipande cha karatasi chenye neno moja la herufi kubwa: JOSHO.

"Kwani flashi yangu ina kupe?" anauliza Gadiel.

"Ero," anamwita kwa Kimaasai, kama kijana mwenzake, "subiri tuione. Wiki iliyopita ilikuwa nao."

Foleni inacheka. Gadiel anashusha kofia hadi kwenye nyusi. Baada ya muda mfupi laptopu inatoa mlio mdogo. Safi. Flashi inahamia kwenye kompyuta kubwa, karatasi mbili zinatoka zikiwa bado na joto, na dereva anaondoka mbio.

Wapo wanaoamini kwamba kazi ya steshenari ni kukaa kitini na kubonyeza. Waje Kaloleni Jumatatu asubuhi. Waje wamwone mwanamke huyu akichapa wasifu wa marehemu huku ndugu wa marehemu wakibishana nyuma yake kuhusu mwaka wa kuzaliwa. Wamwone akipanga kadi za harusi ambazo bibi harusi amebadilisha rangi yake tena. Kisha waseme kama huko ni kukaa.

Leo, tena, ana jambo jingine moyoni. Kabla ya mchana atakuja Mama Tabitha, katibu wa ofisi ya usharika ambao Silantoi huuchapia ratiba za ibada. Analeta ratiba ya kipaimara, ibada kubwa kuliko zote za mwaka kwa vijana wa usharika huo. Kazi hii ndiyo itakayoamua kama Silantoi ataendelea kuwa mchapaji wao au kama kazi zote zitavuka barabara kwenda duka la pili.

"Aliniambia wazi," anasema Silantoi. "'Hii ndiyo ya mwisho ya kukujaribu, mwanangu.' Na pesa ya usharika ndiyo inayonilipia kodi ya fremu hii. Hawa wengine wa CV nawapenda, lakini ni mvua za rasharasha."

Kisa chenyewe kilianzia kwenye flashi moja. Mteja aliyekuwa amepita maduka mengine alikuja nayo ikiwa imebeba virusi vya aina inayoficha folda za mtu na kuweka mahali pake alama zinazofanana nazo. Ukiibonyeza ile alama, unaviamsha. Silantoi aliibonyeza. Siku hiyohiyo alimnakilia Mama Tabitha faili la usharika, na virusi vikasafiri naye hadi ofisini. Kesho yake picha za watoto wa kipaimara hazikuonekana kwenye mashine ya usharika.

Mama Tabitha alikuja kwa miguu, kitenge kimefungwa kwa nguvu.

"Silantoi, umetupa nini? Watoto wa watu wamekwenda wapi?"

Picha zilipatikana baadaye, maana zilikuwa zimefichwa tu. Imani ya Mama Tabitha haikupatikana kwa urahisi huo.

Hapo Silantoi akafanya walichokuwa wakifanya wenye steshenari wote wa safu ile. Aliongeza ulinzi. Aliweka antivirusi ya kwanza. Jirani akamsifia nyingine, akaiweka. Mteja mmoja akamletea ya tatu kwenye flashi, akaiweka nayo.

"Nilifikiri ni kama blanketi," anasema. "Ukisikia baridi unaongeza la pili, la tatu."

Kompyuta ikaanza kutambaa. Ukibonyeza herufi, inatokea ukiwa umeshasahau ulitaka kuandika nini. Wateja waliangalia saa zao, wakaangalia ng'ambo ya barabara, wakaondoka. Hapo ndipo alipompigia simu Rodrick, fundi wa kompyuta anayeishi Kijenge, ambaye asubuhi zake nyingi hupita akihudumia ofisi na nyumba za Njiro.

Rodrick ni mwembamba na mwepesi wa maneno. Alipoiwasha mashine, alicheka hadi akashika kaunta.

"Dada, kule Njiro nikienda nyumba yenye geti moja na mlinzi mmoja, nafunguliwa naingia," alimwambia. "Wewe umeweka walinzi watatu kwenye geti moja. Huyu anamkagua mgeni, yule anamkagua huyu, wa tatu anawashuku wote wawili. Mgeni atasimama nje hadi jioni."

Aliondoa mbili na kubakiza moja, ile iliyokuja na mfumo wa mashine yenyewe. Akahakikisha inapata masasisho yake. Kisha akamweleza kwamba skani ziko za aina mbili. Fupi hupita mahali ambapo virusi hupenda kujibanza, nayo hufaa kila siku kwa sababu haichukui muda. Kamili hupekua faili moja baada ya jingine, na hiyo mara moja kwa wiki inatosha.

"Nikamwambia hapana," anasema Silantoi. "Weka ile kamili, na iwe kila siku. Nilikuwa nimeumwa na nyoka, kamba yoyote nakimbia."

Rodrick alikubali kwa sharti moja. Kama ni kila siku, basi iwe usiku wa manane, wakati hakuna mteja. Akapanga hivyo na kuondoka. Tatizo lilionekana limekwisha.

Halikwisha. Kila asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni, kompyuta ilitambaa vilevile. Ikifika mchana inapona. Alasiri inaruka kama ndama. Kila Rodrick alipokuja, alikuja alasiri, na kila alipokuja mashine ilikuwa nzima.

"Unanisingizia, dada," alisema fundi. "Mashine yako haina kitu."

"Basi njoo asubuhi!"

"Asubuhi niko Njiro, unajua."

Majirani walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema umeme wa asubuhi ni dhaifu. Irine, anayeuza chipsi mlango wa tatu, alisema kwa sauti ya chini kwamba duka la ng'ambo lina mkono wake, na si mkono wa kawaida. Silantoi, Mlutheri aliyekulia kwenye kwaya, alimwambia akaange viazi vyake.

Lakini swali lilimkaa. Kwa nini asubuhi tu? Gari bovu ni bovu kutwa. Mtu mgonjwa haponi kila mchana na kuugua kila kulipokucha. Yeye ni binti wa mfugaji wa Olmotonyi, upande wa magharibi wa mlima, na anasema amezoea kumtazama mnyama kabla ya kumgusa.

Basi asubuhi moja aliwasha kompyuta na kukunja mikono. Hakufungua faili lolote. Aliwaambia waliokuwa kwenye foleni wasubiri, nao wakalalamika. Alisikiliza. Feni ya ndani ilikuwa inavuma kwa nguvu ilhali hakuna kazi aliyoipa. Taa ndogo ya diski ilikuwa inapepesa bila kupumzika.

"Nikajiuliza, huyu anatafuna nini na mimi sijamtupia majani?"

Akafungua dirisha linaloonyesha kila programu inatumia nguvu kiasi gani. Juu kabisa, mbele ya zote, ilikuwa antivirusi. Ilikuwa inafanya skani kamili. Ile ya usiku.

Alibaki ameikodolea macho, kisha akageuka na kutazama nyuma ya mlango. Meni swichi.

Tangu duka la fundi cherehani mmoja wa safu ile liungue kwa hitilafu ya waya, wapangaji wote waliwekeana sharti: anayefunga duka jioni anashusha meni swichi. Si taa peke yake. Umeme wote. Mtu akisahau, mwenzake humgongea nyumbani. Silantoi hajawahi kusahau.

Kwa hiyo usiku wa manane, skani ilipotakiwa kuanza, mashine ilikuwa imezimika. Na programu ile, ikikosa zamu yake, huanza mara tu inapopata nafasi. Nafasi yake ya kwanza ilikuwa asubuhi, umeme unaporudi, wateja wakiwa wamejaa mlangoni.

"Mlinzi wangu alikuwa analala usiku kucha," anasema Silantoi, na sasa anacheka mwenyewe. "Akiamka asubuhi, anaanza doria. Anawapitia wateja miguuni na tochi."

Alimpigia Rodrick na kumweleza.

"Kwangu Kijenge mashine haizimwi," fundi alisema mwishowe. "Sikuuliza kama kwako inazimwa."

"Na mimi sikukuambia. Nani anatangaza kwamba amezima umeme?"

Walipanga upya. Skani kamili sasa ni mara moja kwa wiki, mchana, wakati Silantoi anafunga duka kwenda kula. Rodrick aliibana pia isitumie zaidi ya sehemu ndogo ya nguvu ya mashine, ili hata ikichelewa kumaliza, mtu aweze kuandika. Silantoi aliomba folda ya kazi za wateja irukwe, kwa kuwa ndiyo kubwa. Fundi alikataa katakata.

"Hiyo ndiyo geti lenyewe, dada. Ukiliruka geti, unalinda nini?"

Josho, hata hivyo, ni wazo lake Silantoi. Nyumbani kwao, ng'ombe aliyenunuliwa mnadani hachanganywi na wengine siku hiyo. Anafungwa peke yake, anapelekwa joshoni kuogeshwa dawa ya kupe, anatazamwa, ndipo anaingia zizini. Alipokuwa msichana aliwaswaga hao ng'ombe mwenyewe, na anakumbuka walivyochukia maji yale.

"Nikasema, mbona flashi za watu naziingiza zizini moja kwa moja? Zimetoka minada mingapi?"

Laptopu ya zamani ilikuwa imelala kabatini. Ameisafisha, anaisasisha kwa intaneti ya simu yake, na haijaunganishwa na kompyuta kubwa hata kwa waya mmoja. Ikiugua, itaugua peke yake. Kwa kuwa inakagua flashi tu, kompyuta kubwa inabaki na kazi yake ya kuchapa.

Foleni imepungua mlango unapotiwa kivuli na Mama Tabitha. Kitenge ni kilekile. Mkoba ameukumbatia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta ratiba. Iko humu yote, na majina." Anatoa flashi, kisha anaona mkono wa Silantoi unaelekea kwenye meza ndogo. "Huko wapi tena?"

"Joshoni, mama. Kila flashi inapita."

"Hata ya usharika?"

"Hata ya usharika."

Mama Tabitha anakaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Laptopu inavuma. Silantoi hatazami kioo, anazipanga karatasi ambazo zimeshapangwa. Kisha inalia mlio mwingine, mrefu, ambao Gadiel hakuusikia asubuhi.

Silantoi anasoma kioo, anasoma tena.

"Mama," anasema taratibu, "humu mna mgeni. Ni wale wale waliotufichia watoto."

"Kwenye flashi yetu?" Mama Tabitha anasimama. "Hii haitoki ofisini! Naiweka mimi mwenyewe kwenye droo!"

"Nakuamini, mama. Hakuna mwingine aliyeiazima?"

Nje, mtu anapiga honi. Mama Tabitha anafumba macho kidogo, kama anayeomba.

"Kwaya ya vijana," anasema. "Walitaka kunakili nyimbo. Nikawapa. Nikasema ni vijana wa kanisa, watapata wapi virusi?"

Silantoi anajitahidi asicheke. Anashindwa. Mama Tabitha anamtazama kwa ukali, kisha mabega yake yanaanza kutikisika, na mwishowe wanawake wote wawili wameshika kaunta. Virusi vinaondolewa, folda zilizofichwa zinarudishwa, flashi inakaguliwa mara ya pili. Ratiba ipo. Majina yapo. Ndipo inapoingia kwenye kompyuta kubwa, nayo inafungua faili mara moja.

Ukurasa wa kwanza unatoka. Mama Tabitha anauinua kwenye mwanga, anapitisha kidole chini ya majina ya watoto, jina baada ya jina, hadi mwisho.

"Chapa zote," anasema. "Na ukimaliza hizi, uje ofisini utazame na ile mashine yetu. Asubuhi inanitesa sana."

"Usiku mnazima umeme, mama?"

"Mlinzi anazima kila kitu. Umejuaje?"

Silantoi anatupia jicho meni swichi yake. Anatabasamu na kuongeza karatasi kwenye printa.

Ana mpango. Anataka kuomba nafasi kwenye ukumbi wa usharika siku moja baada ya ibada, aweke Josho juu ya meza, na kila mwenye flashi aipitishe bure. Wanakwaya, walimu, madereva, hata wa duka la ng'ambo ya barabara. "Nikisafisha za kwangu peke yake, zitaniletea tena kupe kutoka kwa majirani," anasema. "Josho ni la kijiji kizima."

Mama Tabitha amefika mlangoni anaposimama, anarudi, anafungua mkoba na kuweka juu ya kaunta flashi nyingine ndogo, ya rangi ya waridi.

"Hii ni ya nyumbani," anasema kwa sauti ya chini. "Nayo iogeshe."

Mchana umefika. Silantoi anaianzisha skani kamili, anafunga mlango kwa ufunguo na kuvuka kwenda kwa Irine kununua chipsi. Meni swichi inabaki juu. Nyuma yake, ndani ya duka tupu, mlinzi anapiga doria kwa saa yake.