Fomu ya Alhamisi

Alhamisi, tarehe 14 Machi. Asubuhi jua kali. Saa nane mchana mvua kubwa, milimita thelathini na nne.

Mama Daftari alikisoma kipimo cha mvua mara tatu. Miaka kumi na moja alikuwa akitunza kumbukumbu kwenye maeneo ya ujenzi. Kibali cha maji ya mvua, kilichotolewa na ofisi ya mazingira, kilitaka kila siku, na kila mvua ikikatika, uzio wa kitambaa unaozuia tope ukaguliwe na fomu ijazwe siku hiyo hiyo. Lakini kiangazi kilikuwa kirefu, naye akazoea kujaza za wiki nzima Jumatatu: "Uzio imara. Hakuna tope lililotoka." Jana tarishi alizizoa zote, akazipeleka ofisi ya mazingira.

Sasa uzio ulikuwa umelala chali, na kijito cha bondeni kimekuwa kizito kama uji.

"Mbona umeganda hapo?" msimamizi aliuliza.

"Uzio umeanguka, bosi."

"Tutausimamisha. Nani kaona?"

"Mkaguzi wa mazingira anakuja kesho saa tatu. Na fomu ya leo anayo tangu jana."

Msimamizi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Ya leo, jana? Kumbe tuna mtabiri hapa na hatujui." Akashusha sauti. "Sema ulikagua, ndipo ukaanguka."

"Nilikagua saa ngapi, bosi?"

Msimamizi akageuka, akaelekea garini kwake.

Jioni nyumbani alisimulia yote. Mumewe, fundi cherehani, aliweka kando suruali aliyokuwa akiipinda.

"Watu hawafungwi kwa matope, mama watoto."

"Wanafungwa kwa sahihi. Na ile ni yangu."

"Basi kesho usiende. Sema unaumwa."

"Nikiugua, wataulizana kwa nini."

Mume akarudi kwenye suruali, akaikosea mshono.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili, Mama Daftari alishuka bondeni na futi kamba. Akapima, akachukua fomu mpya, akaandika: "Uzio umeanguka mita kumi na nane. Tope limeingia kijitoni. Fomu ya Alhamisi niliijaza Jumatatu, sikukagua." Akatia sahihi. Akasimama getini. Mkaguzi alipoteremka garini, alimkabidhi ile fomu mpya kwa mikono miwili kabla hata ya salamu.